Hema, ziwa na pori: kupanga kambi ya familia ukitokea Mugoma

Basi la Mwanza kutoka Ngara likishaiacha Benaco, barabara inaingia porini na abiria wengi husinzia mpaka Lusahunga. Kaskazini ya barabara hiyo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kutoka mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mbele zaidi, ukishafika Chato, ndani ya Ziwa Victoria kuna kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Watu hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kulala huko. Mkazi wa Mugoma, Rulenge, Nyakahura au Biharamulo mjini anaweza kufika kwa mwendo wa siku moja wa gari, na bado wengi wetu hatujawahi kukanyaga.

Pesa ni sababu ya kweli. Lakini ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo mno ukizilinganisha na wanazolipa wageni wa nje. Gharama nzito iko kwenye usafiri, na usafiri ukigawanywa kwa watu wanane au kumi unabebeka. Mara nyingi kinachokwamisha ni kutojua pa kuanzia: kibali kinatoka wapi, maji ubebe kiasi gani, usiku unajikingaje. Hayo ndiyo yanayoelezwa hapa, kwa familia au kikundi kinachotaka kulala porini kwa mara ya kwanza.

Neno moja kabla ya yote: panga kulala mara mbili, usipange mara moja. Siku ya kwanza huisha mkiwa mnasimika hema, mnatafuta kiberiti na kuwatuliza watoto. Mkilala mara moja tu, asubuhi mnafungasha na kurudi mkiwa mmechoka kuliko mlivyokwenda. Siku ya katikati, ile msiyohama wala kufungasha, ndiyo likizo yenyewe.

Kwanza, chagua unakokwenda

Burigi na Rubondo ni safari mbili tofauti kabisa. Amua mapema, kwa sababu vifaa, usafiri na hata chakula vitafuata uamuzi huo.

*Burigi-Chato* ni safari ya gari. Ina vilima, mabonde yenye nyasi, mafunjo ya Ziwa Burigi, viboko, mamba, twiga, tembo, pundamilia na swala wa aina nyingi. Usiende ukitegemea makundi ya nyumbu ya Serengeti. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 katika muda wa saa 24, mapori haya yalibeba mzigo mkubwa wa kuni na nyama kwa miaka iliyofuata, na wanyama walipungua sana. Wanaongezeka sasa. Simba nao wapo, na mwaka 2020 wengine waliletwa kutoka maeneo ya Serengeti. Nenda kwa ajili ya ziwa, ukimya na mandhari. Mnyama utakayemwona ni nyongeza.

*Rubondo* ni safari ya boti. Kisiwa kina msitu mnene, fukwe, nzohe (yule swala wa majimajini mwenye kwato ndefu), pongo, viboko, tembo na twiga waliopelekwa huko, na sokwe mtu ambao mababu zao walitolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya na kuachiliwa kisiwani kati ya 1966 na 1969. Hakuna simba wala fisi, kwa hiyo kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi ni jambo la kawaida. Mamba wapo, na ni wengi.

Kwa familia yenye watoto wanaokwenda mara ya kwanza, mimi ningechagua Rubondo. Mtoto aliyekaa ndani ya gari saa sita anachoka na kuchosha wengine, ila akitembea msituni nyuma ya askari anayemwonyesha nyayo za nzohe, hasahau. Aidha, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lina vibanda vya kulala kisiwani, hivyo bibi au babu asiyeweza kulala kwenye hema hatalazimika kubaki nyumbani. Burigi inawafaa zaidi vijana au kikundi chenye gari imara na dereva mzoefu.

Kama hata hayo ni mzigo kwa mwaka huu, anza na siku moja Rusumo: kwenda asubuhi, kurudi jioni. Mito ya Kagera na Ruvubu inakutana karibu na hapo, kisha maji yote yanashuka maporomoko. Pana mitambo ya umeme ya megawati 80 inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, na pana kituo cha mpaka. Kwa hiyo usipige picha daraja, mitambo wala askari bila kuomba ruhusa. Usisimike hema mpakani. Mkitaka kulala kwenye ardhi ya kijiji popote kandokando ya Kagera, fika kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji ukiwa na kitambulisho cha taifa, na mwambie mko wangapi na mnaondoka lini.

Tarehe

Mkoa wa Kagera una mvua mara mbili kwa mwaka: kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Miezi mikavu ni Juni, Julai na Agosti. Shule zinakuwa na likizo ya katikati ya mwaka, barabara za porini zinapitika, na wanyama husogea kwenye maji. Januari na Februari mvua hupungua, lakini usiiamini sana.

Kiangazi nacho kina mambo yake. Usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli, hasa upepo ukitoka ziwani, na nyasi kavu zinashika moto kwa cheche moja. Sabasaba na Nanenane ni sikukuu nzuri za kuongeza siku kwenye wikiendi, ila kila mtu anazijua. Ukizitaka hizo, omba nafasi mwezi mmoja au zaidi kabla.

Kibali na malipo

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo tusiharakishe.

Hifadhi zote mbili ziko chini ya TANAPA. Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na risiti ndiyo inayokufungulia njia. Mtandao ukisumbua porini, utakaa getini. Ndiyo maana inafaa kumaliza malipo ukiwa bado Ngara mjini au Biharamulo.

Kibali cha kuingia hesabu yake ni saa 24, hakihesabiwi kwa tarehe ya kalenda. Chukua mfano: mmeingia Ijumaa saa 4 asubuhi. Kibali cha kwanza kinaisha Jumamosi saa 4, cha pili Jumapili saa 4. Mkitoka Jumapili saa 3 na nusu, mmelala mara mbili kwa vibali viwili. Mkichelewa hadi saa 7 mchana mkila pilau, mnaweza kudaiwa cha tatu. Kwa kikundi cha watu kumi, saa tatu hizo ni pesa nyingi.

Ada ya kambi ni kitu kingine, inalipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, juu ya kibali cha kuingia. Kambi ziko za namna mbili. *Kambi ya wazi* inatumiwa na watu wote na huwa na huduma za msingi kama choo. *Kambi maalumu* ni yenu peke yenu, inaombwa mapema, bei yake iko juu, na kwa kawaida haina kitu chochote zaidi ya uwanja. Kwa mara ya kwanza chukueni ya wazi.

Fuata mpangilio huu:

1. Wiki sita kabla: wasiliana na ofisi ya hifadhi unayokwenda. Uliza ada za raia kwa mwaka huo, kambi ipi iko wazi, lango gani linafaa kwa mnakotoka, na kama kambini kuna maji na choo.
2. Kwa Rubondo, uliza papo hapo kuhusu boti: inaondoka lini, inabeba wangapi, bei ni ya mtu au ya boti nzima.
3. Andika majina, umri na namba za vitambulisho vya wote. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, lakini lazima watajwe.
4. Omba gharama zote kwa maandishi: kiingilio, kambi, gari au boti, askari wa kuwaongoza kwa miguu, na mengineyo kama uvuvi. Bei ya mdomo husahaulika.
5. Wiki mbili kabla: lipa. Chapa risiti, na picha yake muwe nayo kwenye simu mbili tofauti.
6. Siku mbili kabla: piga simu tena. Uliza hali ya barabara na muulize afisa kama kuna jambo jipya.

> ZINGATIA
> Kupita kwenye barabara ya umma inayokatiza hifadhini, kama ile ya kutoka Kasulo (Benaco) kwenda Karagwe, hakukupi ruhusa ya kuchepuka porini wala kusimika hema kando ya njia. Ukionekana, wewe ni mvamizi. Misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) nayo ina utaratibu wake; kibali huombwa kwenye ofisi ya TFS ya wilaya.

Kuhusu kukusanya pesa: vikundi vya vikoba vinavyoweka akiba kwa ajili ya ada za shule na mbolea vinaweza kuweka pia kwa ajili ya safari. Fungueni daftari lake peke yake, na mhazini asiwe ndiye mwenye gari.

Njia

Kutoka Mugoma unafika Ngara mjini, kisha Benaco. Kwa Burigi, lango mlilopangiwa litaamua kama mnashika njia ya Karagwe au mnaendelea Nyakahura, Lusahunga hadi Biharamulo. Kwa Rubondo mnapita Biharamulo, mnaingia wilaya ya Chato na kushuka hadi Muganza, ambako upande wa Kasenda ndiko boti za hifadhi huanzia. Biharamulo pana boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Simameni watoto walione, mnyooshe na miguu.

Ndugu wanaotoka Mwanza kuungana nanyi hawasubiri tena kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

> MAJINA NA SAA: MAMBO MAWILI YANAYOPOTEZA WATU
> *Muganza.* Ngara tuna kata inayoitwa Muganza. Ya kwenda Rubondo ni Muganza ya Chato. Mwambie dereva, mwambie na anayewaletea mizigo. Vivyo hivyo Kasulo ya Ngara (Benaco) na Kasulu ya Kigoma.
> *Saa ya simu.* Karibu na Rusumo na Kabanga simu hudaka minara ya Rwanda au Burundi. Nchi hizo ziko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojirekebisha yenyewe itarudisha saa nyuma. Mtu anaamka akidhani ni saa 11 alfajiri, kumbe ni saa 12 na gari limeondoka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima kujirekebisha kwa saa, na uchague mtandao wa nyumbani kwa mkono ili salio lisiliwe na gharama za nje.

Ndani ya hifadhi magari hayaruhusiwi kutembea kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Panga kufika getini kabla ya saa 6 mchana, ili ikitokea pancha bado mna mwanga. Jaza mafuta mjini. Porini hakuna sheli. Kwa boti, ombeni ya asubuhi, maana ziwa kwa kawaida hutulia zaidi kabla upepo wa mchana haujaanza. Kila mtu avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga, mtoto avae la saizi yake. Kama hakuna la mtoto, msipande. Hilo halina mjadala.

Maji

Hesabu lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia. Familia ya watu 6 kwa siku mbili na usiku wake ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Ongeza dumu la nne kwa ajili ya kunawa na kwa dharura ya njiani. Yote yajazwe nyumbani kwa maji yaliyochemshwa au ya bomba mnayoyaamini, na kila dumu liandikwe kwa kalamu ya wino mzito: KUNYWA au KUNAWA. Usiku gizani watu huchanganya.

Usimtume mtu, na hasa usimtume mtoto, kuchota maji ukingoni mwa ziwa. Mamba hukaa palepale anapozoea kuona watu wakiinama, na hatikisi maji anapokuja. Kama lazima maji ya ziwa yatumike, mwombe askari awaonyeshe pa kuchotea na namna.

Chakula

Kanuni ni hii: pika nyumbani kila kinachokula moto mwingi. Maharage yachemshwe kabisa kabla ya kuondoka. Kuyaanzisha porini kutamaliza gesi ya siku nzima. Bebeni unga, mchele uliokwisha kuchambuliwa, dagaa, karanga zilizokaangwa, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbichi za kupika na mbivu za kula njiani. Mayai yachemshwe. Nyama iliwe siku ya kwanza au iwe ya kukausha.

Kuni haziruhusiwi kuokotwa hifadhini, hata ule mti uliokauka wenyewe. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko la kuwekwa juu yake unatosha familia kwa siku hizo. Mkitaka moto wa jioni, bebeni mkaa wenu na jiko lake, na muutumie pale tu mlipoonyeshwa.

Chakula chote kikae kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana. Tumbili wa Rubondo hufungua mfuko kwa haraka kuliko mwenye mfuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tumieni vikapu, viroba na ndoo.

Hema na vifaa

Lisimikeni hema uani mwenu kabla ya safari, mchana mara moja na jioni mara moja. Mtagundua kigingi kilichopotea, zipu iliyokwama, na kwamba hema lililoandikwa la watu wanne linalaza watatu wenye mizigo. Kama ni la kuazima, ligundue tatizo lake ukiwa karibu na fundi cherehani.

Orodha ya kukagua mkiwa mlangoni:

☐ hema, vigingi vya akiba vitano, kamba mita 20, nyundo au jiwe zuri
☐ turubai la kutandika chini na la kufunika juu
☐ mkeka au godoro la sponji, blanketi zito kwa kila mtu, kofia ya sufu kwa watoto
☐ tochi kwa kila mtu mzima, ya kichwani ikipatikana. Betri za akiba. Taa ya sola
☐ chandarua, ikiwa wavu wa hema umetoboka
☐ gesi, jiko, sufuria mbili, mwiko, kisu, viberiti viwili vilivyowekwa sehemu tofauti
☐ madumu, ndoo za chakula, sabuni, kiroba cha taka
☐ jembe dogo, karatasi za chooni
☐ sanduku la dawa (tazama mbele)
☐ risiti, vitambulisho, kadi za bima ya afya
☐ nguo za mikono mirefu na viatu vya kufunika mguu

Msibebe panga la kufyekea, mbwa, wala spika kubwa ya muziki. Ndege zisizo na rubani zina kibali chake. Bila hicho zitazuiwa.

Mkifika: saa mbili za kwanza

1. Ripoti kwa askari wa hifadhi. Uliza wanyama walipita wapi usiku uliopita. Hilo ndilo swali lenye manufaa kuliko yote.
2. Tembea na mtu mzima mwenzako kuuzunguka uwanja. Angalia juu: tawi kavu linaweza kushuka na upepo. Angalia chini: msafara wa siafu, mashimo, kinyesi kibichi.
3. Tafuta njia ya kiboko. Haifanani na njia ya ng'ombe: ina mifereji miwili sambamba, na katikati pameinuka pakiwa na nyasi, kwa sababu miguu yake iko mbalimbali na mwili ni mpana. Usiku anatoka majini kwenda malishoni kwa njia ileile. Hema lisiwe juu yake, wala kati ya malisho na maji.
4. Chagua mwinuko mdogo tambarare. Bondeni maji ya mvua hukusanyika, hata katika mwezi mkavu.
5. Simika hema mlango ukiwa kinyume na upepo. Kaza kamba za paa hadi kitambaa kisigusane na kile cha ndani; vikigusana, umande utapenya.
6. Panga jiko mbali na mahema, upande upepo unakoelekea.
7. Kabla ya saa 12 jioni, kila mtu ajue choo kiko wapi na atembee hadi huko mara moja kukiwa na mwanga.

Siafu wakivamia, hamisheni hema. Kupigana nao ni kupoteza usiku.

Usiku

Burigi, baada ya giza hakuna anayetoka kwenye eneo la kambi. Chakula, takataka na hata sabuni yenye harufu viingie ndani ya gari. Mtoto akitaka haja ndogo, ndoo yenye kifuniko ndani ya hema inatosha. Mtu mzima akilazimika kutoka, amwamshe mwenzake, afungue zipu kidogo, amulike pande zote, asikilize, ndipo atoke. Mkimulika macho yanayong'aa, rudini ndani taratibu bila kukimbia.

Kiboko akila nyasi karibu na hema mtamsikia: ni mng'oo mzito, wa mfululizo, kama ng'ombe anayelisha ukutani kwako. Tulieni, zimeni taa, msimpigie kelele na msimpige picha. Atasogea.

Zipu ifungwe muda wote. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa.

Afya

*Mbung'o.* Ndio kero kubwa ya mchana porini, na wanaweza kuambukiza malale. Wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Mitego yao yenyewe hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki, kijani hafifu au kahawia, mikono mirefu. Hupita kwenye kitambaa chepesi, na dawa ya kupaka haiwazuii vizuri. Madirisha ya gari yafungwe mnapopita kwenye vichaka.

*Malaria.* Chandarua, mikono mirefu kuanzia jioni, dawa ya mbu. Ambaye ni mjamzito au ana mtoto mchanga amwone mhudumu wa afya kwanza.

*Kichocho.* Vimelea vyake hupenya kwenye ngozi mtu akiwa ndani ya maji ya ziwa. Ukichanganya na mamba, mna sababu mbili za kutooga ziwani. Ogeni maji ya dumu.

*Popo na mizoga.* Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, na tarehe 13 Machi mwaka huohuo mlipuko ulitangazwa kuisha. Virusi hivyo hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Msiingie pangoni, msiguse popo wala mnyama aliyekufa, na msile tunda lililong'atwa.

*Sokwe.* Mwenye mafua au kikohozi asiende kuwaona. Magonjwa yetu huwapata na huwaua.

*Nyoka.* Akimng'ata mtu: mlaze, mtulize, vua pete na bangili, funga kiungo kwenye ubao kisitikisike, piga simu kwa askari, mkimbizeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msipoteze muda na jiwe la nyoka.

> SANDUKU LA DAWA
> Dawa za maumivu na homa za wakubwa na za watoto; chumvi za kuzuia kuishiwa maji; bandeji pana mbili; plasta; dawa ya kusafishia vidonda; kibano; glavu; dawa za kila siku za mwenye presha, kisukari au pumu, na akiba ya siku tatu zaidi.
>
> MSAADA
> Polisi 112. Zimamoto na uokoaji 114. Namba ya askari wa zamu wa hifadhi iandikwe kwenye karatasi, isiwe kwenye simu pekee. Hospitali mnazopitia: Murgwanza na Rulenge kwa upande wa Ngara, hospitali ya wilaya Biharamulo, na ya rufaa ya kanda Chato.

Makosa yanayojirudia

Kubeba watu wengi kuliko gari, kwa sababu jirani ameomba nafasi usiku wa kuamkia safari. Kataeni kwa upole. Kibali kina majina.

Kuwaachia akina mama kupika kutwa huku wengine wakistarehe. Siku ya katikati iwe na zamu iliyoandikwa kabla, na vijana wa kiume wawemo. Mama akirudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, mwaka ujao hamna safari.

Kuwalisha tumbili. Watoto hufurahi, ila mnyama aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya, na mwisho wake huwa mbaya kwake.

Kutegemea simu kama tochi, ramani na saa kwa pamoja. Saa 3 usiku imezima.

Kufungasha

Anzeni saa 12 asubuhi kama mna gari, mapema zaidi kama mna boti ya kuwahi. Zimeni mkaa kwa maji, koroga, mwaga tena, kisha weka mkono juu. Kama kuna joto, haujazimika. Taka zote, pamoja na maganda ya ndizi, zirudi nanyi kwenye kiroba. Tembeeni mstari mmoja kukata uwanja mzima mkiokota hata vizibo.

Mkifika Mugoma, anikeni hema siku hiyohiyo kabla ya kulala. Likifungwa na unyevu litaota ukungu ndani ya wiki.

Kwa wiki tatu zinazofuata, mwangalieni kila mtu. Homa, kuumwa kichwa sana, au kidonda chekundu kilichovimba mahali alipoumwa na mbung'o, apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe ni siku mliyoingia porini na mahali mlipolala. Kipimo cha malaria kikionyesha hana na homa ikaendelea, mrudisheni, mkataje tena mbung'o na jina la hifadhi, ili damu yake itazamwe kwa malale.